Barua Uliyonipa Niifikishe

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumai karatasi hii inakukuta umeketi, na kwamba kikohozi kimekupa nafasi ya kuisoma mpaka mwisho. Mama naye mfikishie shikamoo yake, umwambie lile shuka alilonishonea ndilo ninalojifunika. Mimi mwili ni mzima. Ya moyo utayakuta mbele.

Uliniuliza kwenye simu kama wakubwa wameijibu barua yako. Nikakwambia mambo ya serikali yanataka subira. Nilikudanganya, Baba. Ndiyo maana leo naandika badala ya kupiga simu, kwani kwenye simu ungeniita lile jina langu la utotoni, nami ningeshindwa.

Nikueleze kwanza ofisi yetu ilivyo. Mkurugenzi wa kiwanda, yule mliyembandika jina la Tutaona kwa sababu kila ombi lenu alilijibu hivyo, siku hizi ndiye pia mwenyekiti wa umoja wa wenye viwanda. Mheshimiwa aliyekuwa akiongoza kamati ya bunge kuhusu muswada wa vumbi, yeye na Tutaona ni kama chanda na pete. Akija anavua viatu, ananyoosha miguu kwenye kochi letu, na mimi karani nampelekea chai. Muswada ulitaka viwanda vya saruji vilazimishwe kufunga vichujio. Hoja za kuupinga zilichapwa mezani kwangu. Mheshimiwa alizisoma kwa sauti mara moja, akasema zinateleza vizuri mdomoni, akaenda nazo bungeni kama zake.

Kisha Tutaona akasema kamati inataka kusikia sauti ya mfanyakazi, akaniagiza niziandike barua za wafanyakazi. Alinifundisha mwenyewe: kalamu tofauti tofauti, kosa moja au mawili, halafu karatasi ikunjwe mara nne na kukaliwa kidogo, ionekane imetoka mfuko wa nyuma wa suruali. Mtu mwenye shahada mbili, Baba, anakalia karatasi! Nilicheka mpaka machozi.

Yako ilikuwa mkobani mwangu. Ulinikabidhi ukisema mimi niko ndani, nitaifikisha upesi kuliko posta. Nami nilikusudia, Mungu anajua. Lakini barua zangu za uongo Tutaona alizirudisha zote, akasema hazina mtu ndani yake, na kama kazi imenishinda niseme. Nikakiogopea kiti changu. Nikaitoa yako, nikaiweka pembeni, nikaanza kunakili.

Salamu zako niliziacha. Miaka yako ishirini na saba ya kupakia mifuko niliiacha. Hata ule utani wako kwamba Mama alikuwa akikupangusa vumbi kama kabati, niliuacha. Kikohozi nilikitoa. Na pale ulipoandika kwamba kijana wako, mdogo wangu, sasa yuko kitengo kile kile na unaomba asirithi kifua chako, mimi niliandika kwamba kijana wako yuko kitengo kile kile, nawe huna hofu. Nikatia sahihi yako. Sikuhitaji kuigiza mwandiko. Wewe ndiye uliyenishika mkono kwenye meza ya jikoni, kabla sijaanza shule, ukanifundisha herufi zako.

Mheshimiwa aliisoma kamatini. Nimeambiwa walipofika hapo pa kutokuwa na hofu waligonga meza. Muswada ukawekwa kando, nami nikapandishwa cheo. Ni kile cheo ulichonipongezea, ukashindwa kumaliza sentensi kwa kukohoa.

Jana mdogo wangu alipita ofisini kuazima mwavuli, nyusi nyeupe kama zako za zamani. Alikohoa mara moja, akasema ni mafua tu. Nikampa mwavuli, nikafunga mlango, nikalia.

Barua yako nimeitia humu kama ulivyonipa. Waipeleke wenzako wastaafu kamatini mkononi, mbele ya watu, wala usimpe tena mtu aliye ndani. Mkiulizwa ile iliyosomwa kamatini iliandikwa na nani, nitaje. Usinistahi kwa kuwa nimetoka kwako.

Mama usimsomee haya kama unaona yatamuumiza. Mwambie tu nakuja mwisho wa mwezi, ikiwa mtanifungulia mlango.

Ni mimi mwanao,
mwenye mwandiko wako.