Daftari Linasema Sita, Maabara Inasema Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana nimetengeneza saa kwa miaka thelathini na minane na sijui kueleza jambo bila kulifungua lote mezani. Nina kisukari, huu mwaka wa nne, natumia vidonge, na kila siku saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, najitoboa kidole, naweka tone la damu kwenye kijimashine changu na kuandika tarakimu kwenye daftari kwa kalamu ya wino, na daftari lenyewe linapendeza, sita, sita na nusu, sita, tano na nusu, ukurasa baada ya ukurasa, hata mke wangu huwaonyesha wageni.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki kuchukua majibu ya ile damu ya mshipani wanayotoa kila baada ya miezi mitatu, na muuguzi, binti mcheshi, akanikabidhi bahasha akisema, "Babu, karatasi hii ina umbea, inasimulia yote uliyofanya tangu tuonane," nikacheka, nikaifungua nje kwenye benchi, nikakuta asilimia tisa na kitu, wakati daktari alitaka isizidi saba. Sikurudi ndani. Nilikwenda dukani kwangu nikaisukuma bahasha kwenye droo ya saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Majibu vipi, mzee wangu?" nikamjibu kwamba mashine ya maabara imeharibika. "Si wangekuita wewe ukaifungue," akasema huku anacheka, na kicheko hicho ndicho kinachoninyima raha, kwa sababu huyu mwanamke ana miaka minne anakunywa chai bila sukari ili nisijione mpweke mezani, na akiiona hiyo tisa atadhani nimekuwa nikila utamu kwa siri, wakati peremende sigusi, keki sigusi, ni bilauri mbili tu za juisi ya matunda dukani saa nne pamoja na jirani yangu fundi viatu, na mchana sahani ya wali kama mtu mwingine yeyote.

Sasa mshauri, nani anadanganya hapa, kijimashine changu au maabara? Nipime kimya kimya kwingine kabla sijamwona daktari Alhamisi? Kutetewa si haja yangu, nataka kuelewa.

Fundi Saa

*

Fundi, mzee mwenzangu,

Swali lako ni zuri, kwa hiyo nalijibu kwanza, kukugombeza baadaye. Hakuna anayedanganya. Chembe nyekundu za damu yako huishi kama miezi mitatu hadi minne, na sukari inapozidi, sehemu yake hung'ang'ania kwenye chembe hizo na kukaa humo mpaka zife. Maabara hupima kilichong'ang'ania, yaani wastani wa wiki nyingi, milo yote na saa zote ndani yake. Kijimashine chako hupima dakika ile ile tu uliyojitoboa, tena kwa kipimo kingine, si kwa asilimia.

Sasa nami nikuulize. Saa ikiletwa kwako inakimbia, ukaitengeneza, unaitazama mara moja alfajiri kisha unamrudishia mwenyewe? Niliwahi kumwachia fundi saa yangu, akaniambia nirudi baada ya siku tatu, kwamba lazima aisome imelala, imesimama, imegeuzwa kifudifudi, asubuhi na jioni. Wewe mwili wako umeusoma umelala tu. Wakati wa juisi na wali, daftari hilo zuri lilikuwa limefungwa kabatini.

Na juisi, ndugu yangu, si sawa na tunda. Bilauri moja hubeba sukari ya matunda kadhaa, na zile nyuzinyuzi za tunda za kuipunguza mwendo zimebaki kwenye chujio. Hukula utamu kwa siri, nakubali. Umeunywa hadharani, mbele ya fundi viatu.

Siri yako ni moja tu, nayo iko kwenye droo. Mashine ya maabara ilikuwa nzima na ulijua. Mama wa watu anakunywa chai bila sukari miaka minne, wewe unamnyima hata karatasi moja ya kusoma. Na fikiria pia daktari angefanya nini kwa wiki hii nzima kama ungerudi ndani badala ya kukimbilia dukani.

Usiende kujificha kwenye maabara nyingine. Ukiwa na shaka, mwulize daktari wako, kwani yapo mambo, upungufu wa damu mojawapo, yanayoweza kuipotosha tarakimu ile, na yeye ndiye wa kuyachunguza. Usijinyime chakula ili Alhamisi uonekane msafi, wala usijiongezee vidonge. Juisi iache, fundi viatu akikucheka mpe maji. Jipime alfajiri kama kawaida, lakini jipime pia baada ya saa mbili tangu uanze kula mchana, na uandike kinachotoka hata kikikuudhi. Alhamisi nenda na daftari, kijimashine na bahasha, na mkeo akae kiti cha pili.

Lakini Alhamisi ni mbali. Leo ukifunga duka, itoe bahasha kwenye hiyo droo, mwekee mkeo mezani, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na ile habari ya mashine kuharibika uifute mwenyewe kabla hajauliza. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mpe kalamu ya wino, kuanzia kesho tarakimu ya mchana iandikwe kwa mkono wake.