Kaunta Buku ya Faiawoli

Kamwene, mke mwenzangu Atupele,

Hapa Iringa hatujambo. Babu yako, mume wetu, magoti yanamsumbua lakini shamba haachi.

Umeniuliza nilifanyaje nilipoweka toleo jipya la programu kwenye faiawoli iliyozeeka kama hiyo yenu ya kazini Iyunga. Nilikosea, mama.

Nilikuwa na umri alio nao mama yako sasa, fundi kompyuta pekee wa hospitali moja hapa. Faiawoli yetu ndiyo mashine iliyolinda mtandao wetu, na zahanati ya Ilula ilipitia humo kusoma mafaili ya wagonjwa. Nilitoa nakala ya mipangilio, nikaanza kazi. Mashine ikazimika, ikawaka tupu kama ilivyotoka dukani. Na nakala nilikuwa nimeihifadhi humohumo ndani yake! Mimi, niliyelelewa na mama aliyening'iniza mbegu za mahindi juu ya moshi wa jiko letu, na nyingine jikoni kwa dada yake, ili nyumba moja ikiungua mbegu zisiishe.

Kilichoniokoa ni kaunta buku. Kila ruhusa niliyoiweka kwenye mashine, nani apite na nani azuiwe, niliiandika humo kwa peni, wenzangu wakinicheka. Nikaziingiza upya moja moja. Kabla ya adhuhuri Ilula wakapiga simu: "Dada, mafaili yanafunguka." Hakuna aliyecheka tena.

Wewe umeuliza kabla ya kugusa mashine. Mimi sikuuliza mtu. Hapo umenipita, na Jumapili nimewaambia wanakwaya wote. Kaunta buku hiyo nimekutumia kwa basi la asubuhi. Kurasa za nyuma bado ni tupu. Andika humo ruhusa za kwako.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi