Ng'ombe Wangu wa Chini ya Ardhi

Mikumi

Kwa mke wangu Mama Kabula, Masanze.

Kabula mwanangu, shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba. Msomee mama yako yote bila kuruka, hata pale nitakapotaja choo. Simu anaikata kila nikianza habari ya kazi yangu, ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe. Herufi zilizolala ubavu ziinueni.

Mama Kabula, u hali gani? Mgongo umekuachia? Mahindi yameota? Mimi mzima, goti tu linanuna asubuhi, lakini kwa kubeba ndoo vijana wa hapa hawaniwezi.

Uliyosema msibani kwa dada yako yamenifikia. Kwamba huhamii Mikumi kula chakula kilichoivishwa kwa mavi ya madereva. Ukasema mbele ya watu. Sasa sikia, maana hujaona.

Tangu ng'ombe wetu waishe kwa ule ukame nilikuwa naamka alfajiri, nashika fimbo, halafu nakumbuka hakuna wa kumfungulia. Hapa nimempata. Yuko nyuma ya nyumba ya wageni, amezikwa ardhini, tumbo lake la saruji ni kubwa kuliko chumba chetu. Vya vyooni vinamshukia kwa bomba, na mimi namwongezea makombo ya migahawa ya barabarani, ugali, pilau, maganda ya ndizi. Naponda, nakoroga na maji, namlisha. Anacheua humo humo gizani, na hewa inayomtoka inapanda kwa mpira hadi jikoni inawaka. Moshi hakuna, harufu hakuna. Dereva wa lori anakula wali ulioiva kwa makombo yake ya jana, na anaongeza sahani. Masanze nzima nani anaiweza kazi hiyo? Hata nyani wa mbugani wakiniona na ndoo ya makombo wanakaa mbali, wananijua.

Ila mwezi uliopita nilipata taabu. Niliona moto haujanona, nikasema huyu anataka chumvi. Wewe unajua, ng'ombe wetu yupi alikaa bila chumvi? Nikammwagia gunia zima la chumvi ya mawe. Moto ukawa kama wa kibatari, kisha ukafa. Mpishi Shabani akarudi kwenye mkaa, anakohoa, ananiita mbele ya wateja: "Mzee, ng'ombe wako kafa, tukuletee rambirambi?"

Akaja fundi aliyemjenga, binti kutoka Morogoro. Akapima maji ya tumboni mwa ng'ombe wangu, akaniangalia.

"Babu, nani kakutuma kuweka chumvi?"

"Tumbo gani lisilotaka chumvi?"

"Hili, babu. Humo kuna vijidudu, ndivyo vinavyotoa gesi. Umeviua."

"Ungesema mapema."

"Nilisema."

"Hukusema kwa sauti."

Akaagiza tope lipunguzwe, maji yaongezwe, na samadi mbichi iletwe ili vijidudu vizaliwe upya. Nikasema samadi niachieni mimi. Nikapanda bodaboda na madumu hadi kwa Wasukuma wenzetu waliojenga nje ya mji. Mama Kabula, nilipoingia zizini na ile harufu ikanipokea, nilisahau kilichonileta. Samadi ilikuwa bado na joto. Ng'ombe mmoja mwekundu, kama yule aliyekuwa hakubali kukamuliwa ila na wewe, akaja akanilamba mkono. Nikasimama tu. Mwenye zizi akauliza, "Mzee, umepotelewa na nini?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni. Hapakuwa na moshi.

Moto umerudi. Fundi anasema ni samadi na maji. Mimi nasema ni kwa sababu niliichota kwa mikono yangu.

Sasa jambo lenyewe. Michembe, viazi ulivyokausha ukampa kondakta, imefika salama. Shabani akawasha jiko, akasema leta viazi vyako mzee tuvichemshe kwa ng'ombe wako. Nikakataa. Nikatafuta mafiga, nikayapanga nyuma ya chumba changu, nikachemsha kwa kuni. Usije ukawaambia watu nauogopa moto wangu. Ila michembe yako isiyo na moshi ni chakula cha mtu mwingine.

Kuja huko siwezi. Ng'ombe huyu akilala njaa moto unayumba, na wa kumwachia simwoni, Shabani nyani wanamcheka. Basi njoo wewe. Mafiga yale sijayatoa. Kuni nimezipasua, nimezipanga ukutani zisinyeshewe, na nimenunua chungu kipya ambacho hakijagusa gesi. Utapika vyako kwa kuni zako, sitatia neno, nitakula kwako na mdomo nitafunga. Ya kuoga tu ndiyo nitakuchemshia kwa ng'ombe wangu. Maji ya kuoga hayaliwi, mke wangu.

Mpe pole dada yako, mwambie sikufika msibani kwa sababu ya mifugo. Msalimie katekista, na yule jirani yetu wa mpakani mwambie bado namwangalia na shamba langu asiliguse. Kabula, mbusu mjukuu wangu.

Ni mimi mumeo, Baba Kabula, mwenye ng'ombe mmoja. Kiti changu nimekigeuza, sasa kinatazama barabara ya kutoka huko kwenu Kilosa.