Roja, Mwana wa Sherifu

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, hapa Richfield, hatujambo. Baba yako yuko zamu hospitali, nami natazama theluji.

Umeuliza kama namfahamu huyo sherifu unayemsoma chuoni, bwana mkubwa wa Kiingereza wa kale, liwali wa mfalme. Namfahamu mno. Shuleni, enzi za ukoloni, tulikaririshwa majina ya wake zake na wanawe kwa fimbo.

Nilipopeleka posa kwa kina bibi yako, baba yake alitaka niwataje mababu zangu. Nikataja wawili, wa tatu nikamsahau, nikajikuta nimesema, "Roja." Mwana wa sherifu huyo.

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Roja namjua. Mtu mwema."

Mtoto wetu alipozaliwa, mzee akasema apewe jina la huyo babu. Basi baba yako akaitwa Roja, nami hadi leo sijui mzee alidanganyika au alinisitiri.

Babu yako