Mke wa Zamani wa Harlan Kapanda Jukwaani

Marlys, uko wapi?? Bendi yetu leo ilikuwa inakufa!

Tulikuwa tunapiga kwenye rodeo, yale mashindano ya kupanda farasi, hapa Abilene, produsa wa muziki kutoka Nashville kakaa mbele kabisa. Harlan, mwimbaji wetu, anaimba ule wimbo wake wa mke aliyemwacha na kumwibia mbwa. Watu wanalia!

Mara Rhonda, mke mwenyewe wa kwenye wimbo, kapanda jukwaani. KAPANDA JUKWAANI! Kampokonya maikrofoni.

"Mwongo we! Mbwa alinifuata mwenyewe, ulikuwa humlishi!"

Mimi na fidla yangu tumeganda. Harlan kwa hasira akaimba ubeti wa pili bila maikrofoni. Rhonda naye akamjibu kwa kuimba. Shosti, ana sauti yule!

Produsa kaja mbio: "Nawachukua mkarekodi, lakini na huyo mama."

Sasa Harlan kajifungia ndani ya basi letu tunalolala safarini. Rhonda yuko mlangoni, anauliza atalala kitanda kipi.