Mlango Alioupaka Hamza

Marahaba, mjukuu wangu Salimu. Hapa Mlalo hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna maharage.

Umeuliza kama ukija likizo ulipake gari la marehemu baba yako kwa brashi au ulipulizie rangi. Enzi za Mwingereza, baba yangu alikuwa na lori la kupeleka mboga Mombo. Kaka yangu Hamza alipaka mlango mmoja kwa brashi asubuhi, ukungu haujaondoka, rangi ikachuruzika. Baba alimfokea mbele yetu sote. Mwaka huohuo Hamza akafariki.

Baadaye baba aliamua kulipaka lori lote upya. Alipiga msasa mpaka akafika kwenye ile michirizi. Akaipapasa kwa kidole, kisha akaukunja msasa.

"Mlango huu uacheni," alisema.

Lori likawa la kijani, mlango mmoja wa buluu. Watu wa Mombo walicheka, na baba akaendelea kushusha mboga.

Brashi au kupulizia, chagua mwenyewe, ila subiri jua. Na kabla hujashika msasa, mwache mama yako alizunguke gari kwanza.

Bibi yako,
Mwanaidi