Namba Yangu Kapewa Mdogo Wangu

Shoga, mbona hupokei simu? Haya, nakuandikia hivyohivyo. Nimejifungia chooni hapa uwanjani.

Kocha wa timu yetu ya chuo kaniita ofisini kuzungumzia msimu ujao. Nimeingia natabasamu, nikijua ananipa ukapteni. Si ndivyo tulivyosema mimi na wewe?

Akasema, "Msimu ujao utaanzia benchi." Benchi! Mimi! Eti nitaingia mechi ikishaamuliwa.

Nikamuuliza, "Nani kachukua namba yangu?" Akawa anachezea filimbi yake, hataki kuniangalia. "Mdogo wako. Chuo kimemkubali leo."

Mdogo wangu, shoga! Niliyemfundisha mwenyewe kudunda mpira wa kikapu pale uani kwetu, analia kwamba mpira ni mzito.

Kocha akasema tena, taratibu, "Amekuzidi. Pole, lakini amekuzidi." Na kinachoniuma ni kwamba ni kweli. Amenizidi, na mimi nilikuwa najua.

Hata mlango wa ofisi sijaufunga, simu ikaita. Ni yeye, anapiga kelele: "Dada! Nimechukuliwa! Tutacheza pamoja!" Nikamwambia hongera. Sijui sauti niliitoa wapi.

Mama akamnyang'anya simu. Unamjua mama na cherehani za kiwandani, miaka yote hii hajawahi kuniona nikicheza hata mara moja. Akaniambia, "Safari hii naomba ruhusa kazini, mwanangu. Nitakaa mbele kabisa, niwaone wanangu wote wawili uwanjani."

Ningemwambia nini, shoga?

Nikamwambia, "Karibu, mama."